Kusamehe, Kuondolea, Kukomboa, Kuokoa: Istilahi za Wokovu katika Kiswahili

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili hukutana nayo mara kwa mara, na ambayo kwa sababu ya kuzoeleka hayamshtui tena, ni yale yanayohusu imani ya Wakristo juu ya dhambi na jinsi binadamu anavyosamehewa na Mungu. Maneno hayo ni kama vile dhambi, toba, msamaha, ondoleo, rehema, fidia, ukombozi, upatanisho na wokovu. Hayamo katika vitabu vya dini peke yake. Yamo katika vitabu vya historia na fasihi vinavyofundishwa shuleni, katika sheria, katika nyaraka za serikali na katika hotuba za siasa. Kwa hiyo hata mfasiri asiyeshughulika na mambo ya dini hana budi kuyafahamu.

Makala hii haikusudii kutetea wala kupinga imani ya dhehebu lolote. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba maneno haya, ingawa aghalabu hutumiwa kana kwamba ni visawe, kila moja lina picha yake, na kwamba atumiaye moja mahali pa jingine huweza kubadili fundisho zima pasipo kujua.

Tuanze na mfano kutoka darasani. Mwalimu wa historia anapoeleza mwanzo wa Uprotestanti huko Ujerumani mwaka 1517, huwaambia wanafunzi kwamba Kanisa lilikuwa likiuza "vyeti vya msamaha wa dhambi". Sentensi hiyo ni fupi na inaeleweka, lakini inauficha ugomvi wenyewe. Kwa mujibu wa mafundisho ya Kanisa Katoliki, kilichotolewa hakikuwa msamaha wa dhambi, bali ondoleo la adhabu ya muda ambayo mtu alibakiwa nayo baada ya hatia yake kwisha kusamehewa. Mojawapo ya malalamiko ya Martin Luther katika hoja zake 95 lilikuwa kwamba wahubiri waliwaacha watu wasadiki kuwa wamenunua wokovu wenyewe. Mwanafunzi aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba kilichouzwa ni "msamaha wa dhambi" hawezi kuona pande mbili zilikuwa zikishindania nini. Neno moja limeamua kesi kabla haijasikilizwa.

Ili kuepuka makosa ya namna hiyo, twapendekeza mfasiri ajiulize maswali matatu kila akutanapo na maneno haya. Kwanza, kinachoondolewa ni nini: hatia, adhabu, deni, uadui au utumwa? Pili, ni nani atendaye, na ni nani atendewaye? Tatu, ikiwa kuna malipo, yanatoka kwa nani na yanakwenda kwa nani?

Fundisho lenyewe kwa muhtasari

Wakristo husadiki kwamba binadamu wote wametenda dhambi na kwa hiyo wametengana na Mungu; kwamba hawawezi kuiondoa hali hiyo kwa nguvu zao wenyewe; na kwamba Mungu, kwa neema yake, amewapatia msamaha na wokovu kwa njia ya kifo na ufufuko wa Yesu Kristo. Katika hayo madhehebu makubwa hukubaliana. Hutofautiana zaidi katika kueleza namna msamaha huo unavyomfikia mtu: nafasi ya imani, ya ubatizo, ya maungamo mbele ya padre, na ya matendo mema. Tofauti hizo ndizo zinazomtaka mfasiri awe mwangalifu, kwa kuwa mara nyingi hutegemea neno moja tu.

Asili ya maneno

Wamisionari walioanza kuitafsiri Biblia katika karne ya 19 hawakukuta lugha iliyo tupu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyekuwa askofu huko Unguja tangu 1874 hadi 1882, walikuta jamii ya Waislamu ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imekwisha zungumza juu ya dhambi, toba na maghofira. Agano Jipya la Steere lilitolewa mwaka 1879, na Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Biblia ya Kimvita ilifuata mwaka 1914. Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Hatimaye Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 iliyabakiza mengi kati ya hayo, maana yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya Kiswahili.

Matokeo yake ni kwamba istilahi zetu zina chemchemi mbili. Dhambi, toba, samehe, rehema, neema, fidia na haki zimetoka katika Kiarabu. Okoa, komboa, ondoa, patana na ungama ni za Kibantu. Ukitazama kwa makini utaona kwamba maneno ya Kiarabu zaidi hutaja hali ya mtu mbele ya Mungu na wema wa Mungu kwake, na yale ya Kibantu zaidi hutaja kazi inayofanywa: kuondoa, kutoa kifungoni, kuleta pamoja waliotengana. Katika mafundisho ya Uislamu toba humwendea Mungu moja kwa moja, pasipo mpatanishi. Ukristo unafundisha juu ya mpatanishi, na ni katika fundisho hilo ambapo wafasiri waliegemea sana vitenzi vya Kibantu.

Neno toba lastahili kutajwa hapa. Katika Kiarabu asili yake ni kurejea. Neno la Kiyunani lililotumika katika Agano Jipya lina maana ya kugeuza nia, lakini lile la Kiebrania katika Agano la Kale ni kurudi, kama mtu aliyepotea njia. Kwa hiyo aliyechagua "toba" alipata neno lililo karibu sana na Kiebrania. Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 waeleweka vema zaidi kwa msomaji anayejua kwamba kutubu, kwa asili yake, ni kurudi nyumbani.

Dhambi, kosa na hatia

Neno la Kiyunani linalotafsiriwa "dhambi" lilitumika pia kwa mtu aliyelenga shabaha asiipate. Kiebrania nacho kina neno lenye picha hiyohiyo, pamoja na mengine mawili: moja la kupinda kile kilichonyoka, na jingine la kuasi. Neno "dhambi" kwetu halina picha yoyote. Husikika kama jina la dini tu. Ajabu ni kwamba picha ya shabaha tunayo katika "kosa", maana mwindaji aliyetupa mshale usimpate mnyama husemwa amemkosa. Methali isemayo kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, yaonyesha jinsi neno hilo lilivyo pana: kutoka kuteleza kwa bahati mbaya hadi kutenda kwa makusudi.

Upana huo ni faida kwa mshairi lakini ni hatari kwa mfasiri wa sheria. Katika lugha ya mahakama, kosa ni tendo lililokatazwa na sheria, na hatia ni hali ya mtu aliyethibitishwa kulitenda. Dhambi haimo katika sheria hizo. Wivu ni dhambi kwa mafundisho ya Kikristo, lakini hakuna hakimu awezaye kumtia mtu hatiani kwa wivu. Kwa upande mwingine, mtu aliyesahau kulipia leseni ya biashara ana kosa, bali si kila mtu atakubali kuwa ametenda dhambi. Kwa hiyo mkalimani wa mahakamani asiseme "dhambi" mahali pa "kosa", hata kama shahidi mwenyewe alitaka kuonyesha uzito wa jambo. Na mfasiri wa vitabu vya dini asilegeze "dhambi" kuwa "kosa" pasipo sababu.

Kusamehe na kuondolea

"Samehe" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ukarimu na kutokuwa mgumu. Kwa hiyo humtazama zaidi yule anayetoa na moyo wake. "Ondoleo" hutoka katika "ondoa", kwa njia ya "ondolea". Hutazama kitu kinachoondolewa na mtu anayenufaika. Neno la Kiyunani lililoko nyuma ya "ondoleo la dhambi" ni la kuachilia, kama vile kumfungua mfungwa au kufuta deni. Maneno haya mawili hayapingani, lakini si kitu kimoja.

Sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake yaonyesha jambo hili. Katika Mathayo 6 Kiyunani hutaja madeni. Katika Luka 11 hutaja dhambi. Wakristo wetu wengine husali wakitaja deni, na wengine wakitaja makosa, na kila upande huona kuwa upande wa pili umebadili maneno. Kwa kweli zote ni njia za kueleza jambo moja. Hata hivyo picha ya deni ina faida yake. Mtu akisamehe deni, fedha hazirudi. Hasara hubaki kwake aliyekopesha. Mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, katika Mathayo 18, umejengwa juu ya maana hiyo: kusamehe kuna gharama, na aibebaye ni msamehe mwenyewe. Tukiweka "kosa" peke yake, gharama hiyo haionekani.

Watumishi wa serikali wanalijua tatizo hili kwa njia nyingine. "Msamaha wa kodi" huweza kuwa na maana kwamba mtu hakutakiwa kulipa tangu mwanzo, au kwamba alidaiwa kisha deni likafutwa. Katika maana ya kwanza hakuna kilichosamehewa, na ingekuwa bora kusema "kutotozwa kodi". Vivyo hivyo, ibara ya 45 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haimpi Rais uwezo wa kusamehe tu, bali pia wa kubadili adhabu iwe nafuu na wa kufuta adhabu yote au sehemu yake. Magazeti huyaita yote "msamaha wa Rais". Mfungwa aliyepunguziwa kifungo amepata nafuu ya adhabu. Hakuambiwa kwamba amepatana na yule aliyemdhuru, wala kwamba hatia yake haipo. Mwalimu wa dini anayemtembelea gerezani atamwambia habari za msamaha wa namna nyingine kabisa, na yafaa mfungwa aweze kutofautisha kati ya hizo mbili. Mtu aweza kutoka gerezani akiwa bado hajasamehewa na jirani yake. Na aweza kuamini kuwa Mungu amemsamehe huku akiendelea kutumikia kifungo.

Rehema na huruma

Hapa pana mtego ambao hata wafasiri wazoefu huingia. Katika vitabu vya Waprotestanti, "rehema" ni ule wema wa Mungu wa kumwonea huruma mkosefu. Katika lugha ya Kikatoliki "rehema" ni pia istilahi maalumu: ni lile ondoleo la adhabu ya muda tulilolitaja mwanzoni, nayo huweza kuwa "rehema kamili". Kwa ule wema wenyewe, Wakatoliki hupendelea kusema "huruma", kama ilivyokuwa katika Mwaka Mtakatifu wa Huruma ya Mungu ulioadhimishwa mwaka 2015 hadi 2016. Mfasiri anayehamisha matini kutoka upande mmoja hadi mwingine pasipo kulijua hilo atawapa wasomaji wake kitu ambacho mwandishi hakusema. Na mwalimu wa historia tuliyemtaja angefanya vema kusema "vyeti vya rehema", kisha aeleze kwa sentensi moja rehema hiyo ilikuwa nini.

Kukomboa, kugomboa na fidia

"Komboa" ni kukirudisha kitu au mtu aliyeko mikononi mwa mwingine, aghalabu kwa kulipa. Mtu hukomboa shamba aliloliweka rehani. Bandarini husemwa "kugomboa mizigo", na ni jambo la kufurahisha kwamba matamshi haya mawili yamegawana kazi: mizigo hugombolewa, watu hukombolewa. Katika picha hii malipo humwendea yule anayeshikilia.

"Fidia" nayo imetumika katika Biblia kwa malipo ya kumwachisha mtu huru. Lakini katika Kiswahili cha leo, hasa cha sheria, fidia humwendea aliyedhurika: mwenye ardhi iliyotwaliwa, au mfanyakazi aliyeumia kazini. Mwelekeo wa malipo umegeuka. Jambo hili si dogo, kwa sababu wanateolojia wamelijadili kwa karne nyingi. Origen, katika karne ya 3, alieleza kwamba fidia ya Kristo ililipwa kwa Shetani, aliyekuwa amewashika binadamu. Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alikataa kwamba mnyang'anyi aweza kulipwa namna hiyo. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alieleza kwamba malipo yalimhusu Mungu, ambaye heshima yake ilikuwa imevunjwa. Msomaji wa leo aonapo "fidia" huelekea upande wa Anselm bila kujua. Aonapo "kikombozi" huelekea upande wa wale wa zamani. Mfasiri wa vitabu vya teolojia lazima achague akijua anachochagua.

"Ukombozi" umepata maana nyingine pia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963 na kuwa na makao yake Dar es Salaam hadi ilipovunjwa mwaka 1994, iliwazoesha wananchi kulisikia neno hili katika habari za silaha, wakimbizi na uhuru wa nchi. Tangu Gustavo Gutiérrez wa Peru alipotoa kitabu chake juu ya teolojia ya ukombozi mwaka 1971, maana hizo mbili zimekutana ndani ya Kanisa lenyewe. Hatuoni haja ya kutafuta neno jipya. Yatosha kusema "ukombozi kutoka dhambini" au "ukombozi wa wanyonge" pale ambapo msomaji aweza kutatizika.

Kuhesabiwa haki

Usemi huu umetokana na lugha ya hesabu na ya mahakama: mtu asiye na haki anaandikiwa kuwa anayo. Wanamatengenezo wa karne ya 16 wangeufurahia. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la mwaka 1547, ulisisitiza kwamba mtu haandikiwi haki tu, bali hufanywa upya kwa ndani. Kwa hiyo kitenzi "kuhesabiwa" huegemea upande mmoja wa mjadala. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya fundisho hili. Anayefasiri maandishi ya namna hiyo aone kwamba mahali pengine patahitaji "kufanywa mwenye haki", ili pande zote mbili zisikike.

Kuokoa, kuokolewa na kuokoka

Tumalizie na kitenzi ambacho kimeleta maneno mengi katika nyumba na sharika. Kisarufi, "okoa" na "okoka" ni kama "fungua" na "funguka", au "ng'oa" na "ng'oka". "Okolewa" huacha nafasi ya mtendaji: ameokolewa na fulani. "Okoka" hutaja hali iliyotokea, wala hakimtaji aliyeileta. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulilifanya neno "kuokoka" kuwa alama ya maisha mapya. Waliouingia walijiita waliookoka. Wengine waliona kwamba neno hilo ni la kujisifu, kana kwamba mtu amejiokoa mwenyewe.

Sarufi haiwezi kuamua nani ana haki, lakini yaweza kupunguza ugomvi. Aliyenusurika katika chombo kilichozama husema "nimeokoka", wala hakani kwamba kuna wavuvi waliomtoa majini. Kauli hiyo hainyimi mtu shukrani. Inanyamaza tu juu ya mtendaji. Anayetaka kumtaja na aseme "nimeokolewa".

Viambishi vya wakati navyo vina kazi. Mtume Paulo hutaja wokovu kuwa jambo lililokwisha kutendeka (Warumi 8), linaloendelea (1 Wakorintho 1) na litakalokuja (Warumi 5). Kiswahili kina -me-, -na- na -ta- kwa hayo yote. Anayesema "nimeokoka" na anayesema "nitaokolewa" huenda wote wawili wameshika sehemu ya fundisho moja. Aidha, kitenzi cha Kiyunani cha kuokoa hutumika pia kwa kuponya. Katika Marko 5 mwanamke mgonjwa, na katika Luka 7 mwanamke mwenye dhambi, waliambiwa neno lilelile juu ya imani yao. Tafsiri zetu aghalabu husema "kuponya" hapa na "kuokoa" pale. Uchaguzi huo ni wa lazima, lakini mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba kwa Kiyunani ni kitenzi kimoja.

Hitimisho

Kwa ufupi, twapendekeza yafuatayo. "Msamaha" litumike pale ambapo anayetajwa ni mwenye kusamehe na ukarimu wake. "Ondoleo" litumike pamoja na jina la kitu kinachoondolewa: ondoleo la dhambi, ondoleo la adhabu. "Rehema" lifafanuliwe kila linapovuka kutoka dhehebu moja hadi jingine. "Ukombozi" na "fidia" yaandikwe kwa kuangalia malipo yanaelekea wapi. "Kuokoka" na "kuokolewa" yaachwe kama mwandishi alivyoyachagua, wala mfasiri asimsahihishe.

Hatudai kwamba istilahi pekee zitawapatanisha watu walioachana kwa karne nyingi. Lakini ni jambo la haki kwamba mtu anayeambiwa kuwa amesamehewa aweze kuelewa, kwa lugha yake mwenyewe, ni kitu gani alichoondolewa, na ni nani aliyekiondoa.